Kombe, chaza na kome: kwa nini "samaki wa magamba" si tafsiri sahihi

Mtoa uzi:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mfasiri hapa Dar es Salaam, na kwa siku mbili sasa nimekwama kwenye neno moja. Nimeletewa lebo ya supu ya pakiti kutoka Marekani, ambayo mstari wake wa mwisho unamtahadharisha mlaji kwamba ndani yake kuna "shellfish", yaani viumbe wa baharini kama kamba, kaa na chaza. Mfasiri aliyenitangulia aliandika "ina samaki wa magamba", mwenye mali akaridhika, na kazi ikawa imebaki kupelekwa ichapwe. Nimefungua uzi huu kwa sababu kosa hilo si la mtu mmoja. Nimelikuta kwenye menyu, kwenye vipeperushi vya afya na kwenye tafsiri za kompyuta, na kila ninapolikuta nasikitika kuona tunayaacha majina ya pwani yetu, ambayo yapo hai na yanatumika kila siku, tukaenda kuunda mengine yanayosema kinyume cha tulichokusudia.

Tuanze na gamba. Kobe ana gamba lake, nyoka hujivua gamba, na msemo huo wa kujivua gamba sote tuliusikia ulivyovuma katika siasa zetu mwaka 2011. Lakini neno hilo likikaa karibu na samaki, maana yake hubaki moja. Simama pale Feri asubuhi, kwenye meza za wanaopara samaki, utaona vipande vyembamba vinavyong'aa vikiruka kila kisu kinapopita kutoka mkiani kwenda kichwani, vikinata mikononi na kwenye nguo. Hayo ndiyo magamba. Samaki wa magamba, kwa sikio la mtu aliyekulia katika lugha hii, ni changu, ni sato, ni mkizi. Si kamba, si kaa, wala si chaza.

Sasa fikirini ni nani atakayeisoma lebo ile. Wa kwanza ni mtu mwenye mzio, ambaye akila kamba hata kidogo midomo inamvimba na pumzi inambana. Huyo akisoma "samaki wa magamba" atajiambia kwamba changu huwa anakula bila tabu, na ataibandika sufuria jikoni. Wa pili ni jirani yangu Msabato. Mwongozo anaoufuata unatoka katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, ambako wanyama wa majini walioruhusiwa kuliwa ni wale wenye mapezi na magamba, na ndiyo maana yeye hali kamba, pweza wala kaa. Tafsiri ile inamruhusu kula supu hiyo kwa kutumia neno lile lile ambalo Biblia yake imelitumia kutoa ruhusa. Neno moja limewakosea watu wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Nakiri kwamba ugumu unaanzia kwenye Kiingereza chenyewe, kwa kuwa neno lao hilo ni kapu lililobebeshwa viumbe wa koo mbili zisizohusiana sana: upande mmoja kuna kamba, kamba koche na kaa, wenye miguu yenye viungo, na upande mwingine kuna chaza na wenzake, wasio na miguu kabisa. Hata sheria za wenzetu hazikubaliani juu ya kapu hilo. Umoja wa Ulaya una orodha ya vyakula 14 vinavyolazimika kutajwa kwa ajili ya watu wenye mzio, na katika orodha hiyo koo hizo mbili zimewekwa mbalimbali. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inalazimisha kutaja ukoo wa kamba na kaa peke yake. Kwa hiyo lebo iliyotoka Marekani ikisema "shellfish" tu, mfasiri hana budi kuuliza ni nani hasa aliyemo ndani.

Kwetu majina yapo, tena yamegawanywa kwa uangalifu ambao kapu la Kiingereza halina. Bibi yangu mzaa mama aliishi Kunduchi, na siku za bamvua, maji yanapokupwa hadi miamba ikaanikwa, alitoka na wanawake wenzake wakiwa na ndoo na vipande vifupi vya nondo. Nilimfuata mara nyingi nilipokuwa mdogo, na sikumbuki hata siku moja kumsikia akichanganya majina. Chaza alibanduliwa: kombe lake la chini limeganda kwenye mwamba au kwenye mzizi wa mkoko kana kwamba limejengewa, na kingo zake zinakata kama chupa iliyovunjika, hivyo huwezi kumtoa bila chuma na bila kugonga. Kombe ilifukuliwa: inakaa imejizika kwenye mchanga kati ya nyasi za baharini, imenenepa, ina mifereji mgongoni kama bati la paa, na bibi aliitafuta kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kuinama. Kome aling'olewa: ni mrefu, rangi yake inakaribia nyeusi, na amejifunga kwenye mwamba kwa nyuzi ngumu alizozitoa mwenyewe mwilini. Ninapokuwa na shaka juu ya tafsiri, hadi leo navitazama vitenzi hivyo. Matini ya Kiingereza ikisema kiumbe kinachimbwa mchangani, siandiki chaza.

Ningependa kukaa zaidi kwenye neno kombe, kwa sababu ndilo lenye utajiri mkubwa na ndilo tunalolisahau. Kijana wa leo ukimtajia kombe anawaza Kombe la Dunia au Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar. Mtu mzima wa pwani anaweza kuwaza sahani kubwa ya kupakulia. Daktari akizungumza na mgonjwa aliyeanguka atataja kombe la bega, ule mfupa mpana wa nyuma. Na katika nyumba nyingi za Waislamu wa Mrima na wa visiwani, kombe ni dawa: mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au kwa marashi ya waridi, na mgonjwa akanywa. Tunasema fulani ameandikiwa kombe, au amekunywa kombe, na hakuna anayedhani kwamba amekunywa supu ya mnyama wa baharini.

Mimi nayaona maneno hayo yote kuwa ya nyumba moja, na kinachoyaunganisha ni umbo: kitu kipana kilichobonyea katikati, kinachoweza kushika kitu kingine. Kikombe kimo humo, kwa maana ni kombe lililodogoshwa. Ukombe, ile zana ya fundi yenye makali yaliyopinda ya kuchimbia tumbo la kinu, nauona umo pia. Hata kitenzi kukomba, yaani kupitisha vidole kwenye sahani mpaka mchuzi wa mwisho umalizike, kwangu mimi kinakaa vizuri hapo. Tena si Waswahili peke yao walioona ukaribu wa kombe la baharini na chombo cha mezani. Neno la Kiingereza "oyster" limetokana na Kigiriki "ostreon", ambalo ni ndugu wa "osteon", mfupa, na wa "ostrakon", kigae cha chungu. Ni vigae hivyo ambavyo raia wa Athens ya kale walikuwa wakiandika juu yake jina la mtu waliyetaka ahamishwe mjini. Kwetu ni mnyama, sahani na mfupa wa bega. Kwao ni mnyama, kigae na mfupa. Niligundua ulingano huo miaka kadhaa iliyopita na hadi leo bado unanifurahisha.

Naomba michango, hasa kutoka kwa watu wa Tanga, Mafia, Unguja na Pemba, kwa kuwa najua bahari ni moja lakini majina hubadilika kila baada ya ghuba mbili.

Mchangiaji wa Kigamboni:

Ndugu mtoa uzi, nashukuru kwa somo hili. Mimi ni mpishi, nimefanya kazi kwenye hoteli za ufukweni kwa muda mrefu, na ninathibitisha kwamba hali ni mbaya zaidi ya ulivyoeleza. Katika hoteli moja niliyowahi kupikia, menyu ya Kiswahili iliandikwa "misuli kwa mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu". Mgeni mmoja wa Kitanzania aliniita mezani akaniuliza kwa heshima kabisa ni misuli ya mnyama gani, kwa sababu anataka kujua kama amechinjwa kihalali. Nilimletea kome mmoja mbichi kwenye kisahani ili aone kwa macho yake, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kumpoteza. Niliwaambia wakubwa wabadilishe, lakini menyu ilikaa vile hadi nilipoondoka.

Naomba niongeze jambo la jikoni. Kombe huwa tunazilaza kwenye maji ya bahari yaliyo safi kwa saa kadhaa ili ziteme mchanga, kisha tunazitia kwenye sufuria yenye maji kidogo na kufunika. Zikipata moto hujifungua zenyewe. Isiyofunguka hutupwa, hailazimishwi kwa kisu. Baada ya hapo nyama hutolewa na kuungwa kwa nazi na ndimu. Chaza hafanyiwi hivyo. Yeye hufunguliwa kwa kisu kifupi kwenye bawaba. Kwa hiyo anayetafsiri kitabu cha mapishi akaandika chaza kila mahali, anamfundisha msomaji njia isiyofaa ya kupika.

Mtoa uzi:

Dada, ahsante sana. Hilo la misuli lina asili yake, na si ajabu kwamba kompyuta au mtu mwenye haraka hukosea hapo. Kwa Kiingereza, jina la kome na jina la msuli hutamkwa sawasawa na hutofautiana kidogo tu kwa maandishi, na yote mawili yametokana na neno moja la Kilatini, "musculus", ambalo maana yake ni panya mdogo. Warumi waliuona msuli unaotembea chini ya ngozi kama panya anayepita, wakamfananisha na panya pia yule kiumbe mdogo mweusi wa mviringo. Sisi hatukupita njia hiyo kabisa, hivyo hatuna sababu ya kuirithi ajali yao. Kome ni kome. Angalizo moja tu kwa wanaoandika: kome asichanganywe na komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu za mkomwe, ambazo ndizo kete tunazochezea bao. Nimewahi kupokea tafsiri ambamo wazee walikuwa wamekaa barazani wakicheza bao kwa kome.

Mchangiaji wa Tanga:

Salaam kwenu nyote. Natofautiana kidogo na mtoa uzi, na natumaini atanivumilia. Katika mazungumzo ya nyumbani kwetu, kombe hasa ni lile ganda, ile nyumba ya mnyama, iwe ina mtu ndani au imebaki tupu. Tukiwa watoto tuliokota makombe ufukweni, tukayatumia kama vijiko na vyombo vya kuchezea kijungujiko, na hatukuwaza kula chochote. Ukisema kwamba kombe ni mnyama wa mchangani, msomaji wa kwetu atauliza: kombe la nani? Nadhani ingefaa uandike "kombe za kuliwa" ili maana isiyumbe.

Mtoa uzi:

Ndugu yangu, sina la kukuvumilia, kwa kuwa umesema kweli. Hata mimi hapo juu niliandika "kombe lake la chini" nilipomzungumzia chaza, bila kutambua kwamba nilikuwa natumia maana yako. Tazama pia jinsi lugha inavyozitenganisha maana hizo kwa ngeli: ganda ni kombe hili, makombe haya, pamoja na sahani na kikombe cha mshindi, chakula ni kombe hii, kombe hizi. Mwanamke anayeuza kwa fungu atakwambia "kombe zimebaki mafungu mawili", na hatasema "makombe yamebaki". Pendekezo lako nalikubali kwa matini ambazo msomaji wake anaweza kuwa mbali na bahari.

Mchangiaji mwalimu:

Mheshimiwa mtoa uzi, mimi nafundisha Kiswahili sekondari na nina swali juu ya hizo ngeli. Wanafunzi wangu wanafundishwa kwamba kila kiumbe hai huchukua upatanisho wa a- na wa-. Je, tuandike "chaza hawa" au "chaza hizi"? Katika mitihani swali kama hilo linaweza kumkosesha mtoto alama.

Mtoa uzi:

Mwalimu, kwa maandishi sanifu ningeandika "chaza huyu amejifunga" na "chaza hawa wamekua", kwa kuwa kanuni ya viumbe hai haimtengi mnyama kwa sababu tu hatembei. Lakini akishafika sahanini, masikio yangu hayakatai "chaza hizi zimeiva", kwa sababu tunazungumzia chakula, si kiumbe. Mtoto wa mtihani afuate kanuni. Mfasiri wa menyu asikilize jikoni.

Na kwa kuwa tuko kwa chaza, kuna jambo jingine linalofaa kusemwa darasani. Yule anayetoa lulu tunamwita chaza wa lulu, na Waingereza nao humpa jina la chaza, ila wanasayansi wamemweka katika familia tofauti na chaza wa kuliwa. Kwa nasaba yeye hahesabiwi miongoni mwa chaza wa kweli. Lulu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, limeingia kwenye majina ya watoto wetu na kwenye mashairi, na limembeba chaza pamoja nalo, kiasi kwamba watu wengi wa bara wanamjua chaza kwa lulu ya thamani asiyoizaa na hawamjui kwa nyama anayoliwa.

Mchangiaji wa Ubungo:

Mkuu, kwa nini tusitumie istilahi za sayansi tukamaliza ubishi? Tunalo neno moluska, ambalo kila aliyesoma baiolojia analijua, na kwa ukoo wa kamba na kaa nimewahi kuona neno gegereka. Lebo ikiandikwa "ina gegereka na moluska" haitakuwa na utata wowote.

Mtoa uzi:

Mkuu, kwa kitabu cha baiolojia nakuunga mkono kwa moyo wote, na neno gegereka nalipenda kwa sababu lina sauti ya Kibantu. Kwa lebo siwezi. Nilifanya jaribio dogo jana: nilimwendea mama anayeuza kamba wa kukaanga karibu na ninapoishi, ambaye amefanya biashara hiyo tangu sijahamia mtaa huo, nikamwuliza kama anauza gegereka. Alinitazama, akaniuliza kama ni aina ya viungo. Tahadhari ya mzio inasomwa na mtu aliyesimama dukani, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine pakiti. Lazima akutane na neno analolijua tangu utotoni. Hata moluska lina tatizo lake, kwani ukoo huo unawajumuisha pia pweza na ngisi, na sidhani kama wengi wanaokumbuka neno hilo kutoka shuleni wangemkumbuka na pweza.

Wapo pia wanaoandika "samakigamba" kwa neno moja. Mimi sioni kwamba kuunganisha kunaliokoa, kwa kuwa msomaji atalikata mwenyewe katikati na kurudi kwenye magamba ya changu.

Mchangiaji wa Kigamboni:

Basi kaka, utaandika nini? Maana umekataa yote.

Mtoa uzi:

Dada, nimeamua kutotafuta neno la jumla. Nilimwomba mwenye mali awaulize watengenezaji ni viumbe gani hasa wamo kwenye ule unga. Jibu limekuja leo mchana: ladha ya supu imetokana na kamba waliokaushwa na maji ya chaza yaliyochemshwa hadi kuwa mazito, na mashine zile zile husaga kaa siku nyingine. Kumbe lebo ya Kiingereza yenyewe ilikuwa imeficha majina matatu nyuma ya neno moja. Nimewatumia mstari huu, na umekubaliwa:

"TAHADHARI: Ina kamba na chaza. Imetengenezwa kwa mashine zinazosaga pia kaa. Usitumie ikiwa una mzio wa chochote kati ya hivyo."

Nimeomba maneno kamba, chaza na kaa yachapwe kwa herufi nzito. Ndugu yetu wa Tanga, kama una majina mengine ya kwenu ya wale wanaofukuliwa mchangani, yaandike hapa chini pamoja na namna wanavyotolewa. Nayakusanya, na kila jina naliandikia kitenzi chake.